Bakora za Mzee Fuawe

Kijiwe chenyewe kipo kwenye kona, mbele ya duka ambalo mlango wake wa chuma haujainuliwa tangu mwenye duka ahame. Benchi lake ni la watu wanne wakiwa wanapatana, na la watu watano wakiwa hawana kazi. Mwenyeji ni Spoku, fundi baiskeli, ambaye hugeuza baiskeli za watu miguu juu asubuhi na kuzikumbuka mchana. Mwenyekiti ni Waziri, ambaye hajawahi kuwa waziri wala jirani wa waziri. Alikuwa tarishi, akabeba mafaili ya wakubwa miaka thelathini, na anaamini kabisa kwamba yaliyoandikwa humo yalimwingia mwilini kupitia kwapani. Kahawa ni ya Mama Birika, ambaye hupita na birika lake kila baada ya maneno kadhaa. Wa nne ni Kipimo, seremala, aliyepewa jina hilo kwa sababu hajawahi kukata ubao kabla ya kuupima mara tatu. Ijumaa hiyo alifika saa tatu asubuhi akiwa na gunia begani, akalifungua chini mbele ya wenzake, na ndani yake zikatoka bakora nne za chuma.

—Unakwenda kumchapa nani na hizo? aliuliza Mama Birika.

—Si za kuchapia, mama, alisema Kipimo. Ni za kubania mbao mezani. Sisi maseremala tunaziita bakora kwa sababu zimekunjwa kichwani.

—Zinabanaje, na hazina hata skrubu?

Kipimo akaiokota moja. Ilikuwa na urefu wa mkono kuanzia kiwiko hadi vidole, nene kama kidole gumba, na ule mkunjo wake uliishia kwenye unyayo bapa.

—Meza yangu ina tundu. Huu mguu mrefu unaingia tunduni, huu unyayo unakanyaga ubao. Unaipiga nyundo mara moja hapa kichwani, mguu unakaa upogo ndani ya tundu, unang'ang'ania. Ubao hauchezi tena. Ukitaka kuachia, unaipiga mgongoni, kwa nyuma. Basi.

—Kwa hiyo inashikilia kwa ubishi tu, alisema Mama Birika.

—Kwa ubishi tu.

—Nina mtu wa hivyo nyumbani, akasema, akamimina kahawa.

Waziri alikuwa ameshavaa miwani. Aliziangalia zile bakora zilivyolala mbilimbili. Mbili zilikuwa mpya, nyeusi zenye kivuli cha bluu, bado zikionyesha rangi ya moto. Mbili zilikuwa kuukuu, zimepigwa na kutu kuanzia kichwani hadi mguuni.

—Za nani hizi?

—Za Mzee Fuawe, alisema Kipimo.

Spoku akaacha kuzungusha gurudumu. Jina hilo lilikuwa halijatajwa benchini kwa muda mrefu, ingawa mwenye jina alikuwa mhunzi wa mtaa wa nyuma tu, na kwa miaka mingi yeye ndiye aliyekuwa mtu wa tano kwenye benchi lile.

—Amezileta mwenyewe? aliuliza Spoku.

—Alizileta mtu wa mkokoteni, Jumatatu. Mzee anafunga kiwanda, anahamia kwa binti yake. Amesema nichague mbili ziwe zangu, na leo binti atapita kuchukua zitakazobaki.

—Baada ya yale yote?

—Baada ya yale yote.

Ni vizuri yale yote yakasemwa mapema, kwa sababu watu wa benchi lile hawakupenda kuyasema. Miaka saba iliyopita Fuawe alimfulia Kipimo bakora mbili, ndizo hizi zenye kutu, na hakutaka malipo zaidi ya kiti cha kukalia akiwa kazini. Kipimo alizitumia siku nne. Kila akizipiga nyundo zilishika kidogo kisha zikateleza, na siku ya nne ubao wa mlango ulimponyoka katikati ya kuchonga, patasi ikala kiganja chake. Akafunga kile kiganja kwa kitambaa, akaja nazo hadi hapa, akazitupa miguuni mwa Fuawe mbele ya wote. Akasema, chukua fimbo zako ukachungie mbuzi. Spoku akaongeza kwamba na mbuzi wenyewe watamteleza. Benchi zima likacheka. Waziri alicheka mpaka akamwaga kahawa mapajani, na hilo nalo likawachekesha upya. Fuawe alizifungia bakora zake kwenye aproni ya ngozi, akasema "sawa, fundi", akaondoka. Hakuketi tena hapo.

Sasa Kipimo alikuwa na bakora nne miguuni na moyo mzito, na sababu ya uzito huo hakuna aliyeijua ila yeye.

—Mimi ningechukua mpya bila kuuliza, alisema Spoku. Zile kuukuu si tunazijua? Ziliingia mahakamani zikashindwa.

—Hapana, alisema Waziri. Jambo hili linataka uchunguzi wa kina. Kwanza, hicho chuma kimetoka wapi?

—Springi ya lori, alisema Kipimo. Zote nne.

—Umejuaje?

—Yeye hafui bakora kwa chuma kingine.

—Basi hapo ndipo penye kiini, alisema Waziri, akaweka kikombe chini ili apate mikono yote miwili. Springi ya lori imezoea kubonyea na kurudi. Hiyo ndiyo kazi yake tangu kiwandani. Sasa wewe unaiambia ibonyee ikae hapo hapo. Haiwezi. Kikatiba haiwezi.

—Chuma hakina katiba, mzee, alisema Spoku.

—Kina. Kila kitu kina katiba, tofauti ni kwamba nyingine hazijaandikwa.

—Ngoja niwape ya kweli, alisema Spoku. Ni sauti. Chuma kizuri kinalia. Mimi pedeli nikiigonga nikasikia imenyamaza, najua itamwangusha mtu kabla ya wiki kuisha.

Akachukua bakora mpya, akaigonga kwa spana. Ikalia vizuri, sauti ndefu. Akachukua ya kutu, akaigonga. Ikalia vilevile, pengine kwa muda mrefu zaidi.

—Hiyo ya pili inadanganya, alisema Spoku.

—Chuma hakina katiba lakini kinadanganya, alisema Waziri.

—Kinadanganya, ndiyo. Kimekaa miaka saba kinajifunza.

Mama Birika alicheka, Waziri naye akacheka, na Kipimo akatabasamu kwa adabu tu. Alikuwa ameinamia kile kiganja chake cha kushoto, akikisugua pale palipokuwa na kovu, bila kujua kwamba anakisugua.

Ukweli ni kwamba Jumatatu ile ile, baada ya mtu wa mkokoteni kuondoka, alizijaribu zote nne mezani kwake. Mpya zilishika. Alivyozitegemea zishike ndivyo zilivyoshika. Kisha akaichukua ya kutu, kwa kujifurahisha tu, aone ilivyo mbovu. Akaitumbukiza tunduni, akaipiga nyundo mara moja. Ubao ukatulia. Akausukuma kwa mkono, akausukuma kwa bega, akauegemea kwa uzito wake wote, na ulikuwa kama umeota pale. Akajaribu ya pili, ikashika zaidi.

Ndipo akakumbuka. Zilipofika mikononi mwake miaka saba iliyopita zilikuwa zimekwaruzika, zina alama za nyundo na ngozi nyeusi ya moto, na yeye ni mtu ambaye hawezi kuacha kitu hakijamalizwa. Alizipiga msasa usiku mzima mpaka akajiona sura. Halafu akazipaka mafuta, yale yale anayopakia makabati, akazifuta kwa kitambaa laini. Zilikuwa nzuri kweli. Chuma kinachotakiwa kung'ang'ania kwa ubishi yeye alikipaka mafuta, kisha akamlaumu aliyekifua. Tangu hapo kutu ilikuwa imekula ung'avu wote, na bakora zikarudi kuwa kile ambacho mhunzi alikitaka.

Hilo alilijua tangu Jumatatu. Jumanne alisema atakwenda kwa Fuawe Jumatano. Jumatano alikuwa na kitanda cha kumalizia. Alhamisi alitoka kabisa, akafika kwenye kona ya mtaa wa nyuma, akarudi.

—Kwani tatizo nini? aliuliza Mama Birika, ambaye macho yake hayakuwa kwenye birika peke yake. Chagua mbili, mtu akija mpe nyingine, mambo yaishe. Mbona unakaa kama umefiwa?

—Nawaza tu.

—Waza kwa sauti.

Kipimo hakuweza. Akichagua mpya, mambo yangeisha vizuri sana. Kijiwe kingesema Fuawe hatimaye amejifunza kazi, Fuawe mwenyewe angeondoka akiamini hivyo, na hakuna ambaye angeuliza kitu. Akichagua za kutu, kila mtu angemuuliza kwa nini anazichukua zile alizozitupa, na jibu lilikuwa moja tu. Alikuwa seremala wa miaka thelathini na mbili. Watu walimpelekea mafundi wengine awafundishe.

—Wewe Kipimo unamwogopa Fuawe, alisema Spoku. Na si kosa lako. Wewe si ulijaribu? Si ulimsalimia ile siku pale kwenye duka la misumari, akakupita kama nguzo?

—Alinipita, alisema Kipimo.

Hiyo ndiyo ilikuwa kinga yake. Miaka miwili iliyopita alimkuta Fuawe amempa mgongo dukani, akamwita kwa jina, akamwita tena, na mzee akatoka bila hata kugeuza shingo. Kipimo alilibeba jambo hilo mpaka nyumbani kwa hasira na, kusema kweli, kwa nafuu pia. Mtu asiyeitikia salamu hawezi kudai kuombwa radhi.

—Basi kiburi chake ndicho kilichoingia kwenye chuma, alisema Waziri. Hili nalo lina utafiti. Mhunzi anapiga nyundo akiwa na hasira, hasira inaingia. Chuma kikipoa, hasira inabaki ndani haina pa kutokea. Siku unakipiga wewe, kinakuteleza kwa makusudi. Ndiyo maana ile ya zamani ilikukata mkono.

—Patasi ndiyo iliyonikata.

—Patasi ilitumwa.

—Na zenye kutu? aliuliza Spoku. Kutu ni hasira inayotoka?

—Umesema mwenyewe, alisema Waziri, akamwangalia kwa heshima mpya. Kutu ni hasira inayotoka. Miaka saba inatosha. Kwa maana hiyo, kisayansi, za zamani sasa zimetulia, na hizi mpya ndizo hatari, kwa sababu hatujui alizifua akiwa katika hali gani.

—Alikuwa anahama. Mtu anayehama ana huzuni.

—Basi hizo zitashika kwa huzuni. Zitashika lakini ubao utakuwa unaloa.

Hata Kipimo alicheka hapo, na ndani ya kicheko hicho akajiona mwenyewe miaka saba nyuma, na kicheko kikamkauka.

—Samahani, shikamooni, alisema mtu nyuma yao.

Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, amevaa buti za kazi, mikono yake ina madoa madogo ya kuungua kama ya wachomeleaji. Hawakumjua. Wakaitikia marahaba, Spoku akafikiri ameleta baiskeli.

—Namtafuta fundi seremala. Nimefika kwake pamefungwa, wakaniambia yuko kijiweni.

—Ni mimi, alisema Kipimo.

—Hunikumbuki, baba mdogo. Uliwahi kunitengenezea sanduku la shule, lenye droo ya siri. Mimi wa Mzee Fuawe.

Kipimo akasimama. Akampisha mahali pa kukaa, akamwagizia kahawa, akafanya yote ambayo mtu hufanya mikono yake inapotaka kazi. Alipoondoka mtaani na sanduku hilo kwenda shule alikuwa mtoto wa miguu myembamba, na sasa alikuwa mbele yake mtu mzima mwenye mabega ya baba yake.

—Mzee hajambo? aliuliza.

—Hajambo. Ametangulia leo alfajiri na mizigo. Mimi namfuata na gari la mchana.

—Alfajiri? Nilidhani mnaondoka kesho.

—Ilikuwa kesho. Gari lilipatikana leo.

Kipimo akakaa. Aliona ile kona ya mtaa wa nyuma aliyofika Alhamisi, hatua zisizozidi mia mbili kutoka hapo hadi mlangoni kwa Fuawe. Alijuta waziwazi, kifuani, kama mtu aliyepoteza kitu akikiona kinakwenda.

—Baba alisema nisikusumbue, alisema yule binti. Uchague tu, nichukue zinazobaki, nitazitumia kwenye karakana yangu. Ila kuna kitu kimoja ameniomba nikuulize. Amesema nisisahau.

—Uliza, mwanangu.

—Zile za kwanza zilikuwa na kasoro gani?

Waziri, ambaye dakika tatu zilizopita alikuwa na jibu lenye kutu, hasira na sayansi, alivua miwani akaanza kuifuta. Spoku alirudi kwenye gurudumu lake.

—Anauliza kwa sababu hakuwahi kuielewa, alisema binti. Alizijaribu kwenye gogo kabla hajakuletea, anasema hakuona kitu, na ziliporudi alizitupa kwenye kona hakutaka kuziangalia tena. Anasema labda tundu, labda unene wa meza, labda alizipoza vibaya. Kila akifua nyingine anaitafuta hiyo kasoro. Hizi mbili mpya ni za mwaka huu, na bado hana hakika kama ameiondoa. Anataka tu kujua, kabla hajaacha kabisa kufua.

—Kwa nini hakuja kuniuliza? alisema Kipimo, na sauti yake mwenyewe ikamwaibisha.

—Alikuja mara mbili mpaka hapo kwenye duka la dawa. Akakuona umekaa na wenzako, akarudi. Baadaye masikio yakamfunga, akasema hata akiuliza hatasikia jibu.

—Yakamfunga?

—Hasikii, baba mdogo. Mwaka wa tatu huu. Nyundo miaka arobaini, masikio yatatoka wapi? Ukitaka kusema naye unasimama mbele yake akuone, halafu unamwandikia.

Kipimo alitazama chini. Lile duka la misumari lilimjia lote: mgongo wa mzee, jina lake aliloliita mara mbili, mlango uliofungwa. Miaka miwili aliilisha hasira yake kwa salamu ambayo haikusikika.

Binti akatoa daftari dogo mfukoni, lile analomwandikia baba yake, akalifungua kwenye ukurasa mweupe.

—Niandikie hapa. Mimi nitampa.

Waziri alinyoosha mkono kwa mazoea, kwa kuwa barua zote za mtaa huo aliziandika yeye. Aliishika kalamu, akasema "Kwa mheshimiwa", akakwama. Akalipitisha daftari kwa Spoku, na Spoku akalipitisha bila kuligusa vizuri, mikono yake ikiwa na grisi. Likafika kwa Kipimo. Yeye hakutaka kalamu. Alichukua penseli yake ya useremala kutoka sikioni, akapiga magoti mbele ya benchi, akaandika kwa herufi kubwa ili mzee asione tabu.

Binti alilisoma kwa sauti, kama mtu anayetaka kuhakikisha.

—"Kaka, hazikuwa na kasoro. Nilizipiga msasa nikazipaka mafuta, ndiyo maana ziliteleza. Kosa ni langu. Nachukua zile zile za kwanza."

—Mafuta? alisema Spoku taratibu. Uliipaka mafuta bakora?

—Niliipaka mafuta bakora, alisema Kipimo.

Kwa siku nyingine yoyote neno hilo lingelishibisha benchi mwezi mzima. Siku hiyo halikuokotwa na mtu. Kipimo akazitenga zile mbili zenye kutu upande wake, akazifunga mbili mpya kwenye gunia, akafunga fundo zuri, akampa.

—Mwambie zote nne ni nzima, alisema. Mwambie nilizijaribu. Zile za kwanza ndizo zinashika zaidi.

—Hilo liandike pia. Nikimwambia mimi atadhani namliwaza.

Akaliandika. Binti akafunga daftari, akalirudisha mfukoni, akapakata gunia. Hakuonekana mwenye hasira. Alionekana kama mtu aliyemaliza shughuli aliyotumwa na bado ana dakika chache za kwake.

—Ahsante. Hilo la chuma sasa atalijua, atalala, alisema. Kuna jambo dogo langu mwenyewe nilitaka kuuliza, maana nyumbani tulilisikia mara moja tu, kisha hakulirudia. Alisema siku ile mlicheka sana. Mlikuwa mnacheka nini?

Aliuliza bila ukali, akawaangalia mmoja mmoja. Waziri alikiinua kikombe chake, akakishika kwa mikono yote miwili. Spoku alizungusha pedeli nyuma, ikatoa mlio mdogo, akaishika isilie. Kipimo aliikumbuka kauli yake yote, neno kwa neno, fimbo na mbuzi, na ile nyongeza ya Spoku, na kahawa mapajani kwa Waziri. Aliitafuta ndani yake sehemu ya kuchekesha ili angalau amweleze, akaikosa.

Binti alisubiri kwa heshima. Baadaye akatazama jua, akasema gari halitamngoja, akawaaga wote kwa mkono, na Kipimo akamshika kwa mikono miwili. Akavuka barabara na gunia lake begani, akapita mbele ya duka la dawa, akakata kona.

Mama Birika alizunguka na birika. Lilikuwa bado limejaa nusu, na kahawa ilikuwa ya moto. Kila alipofika mbele ya mtu, mtu huyo alifunika kikombe chake kwa kiganja.